Jinsi ya kumlisha koridorasi na wenzake wanaoishi chini ya tangi

Koridorasi, kambare wadogo wanaofugwa kwenye matangi ya samaki wa mapambo, wengi hukonda ndani ya tangi linalotiwa chakula kila siku. Mwenye tangi anamwaga chakula juu ya maji, samaki wa juu na wa katikati wanakigombania, na kinachofika chini ni vumbi. Yule mdogo mwenye sharubu anapita akinusa mchanga mtupu. Tatizo huanzia dukani, anapouzwa kama mfagizi: eti atakula mabaki, atakula kinyesi cha wenzake, mchanga utabaki safi. Mabaki atayala akiyakuta. Kinyesi hali. Na hakuna samaki anayeweza kuishi miaka kumi kwa makombo ya wengine, ilhali koridorasi akitunzwa vizuri anaweza kufika umri huo.

Kwa hiyo jambo la msingi ni hili: samaki wa chini anatakiwa awe na chakula chake mwenyewe, kinachozama, kinachofika mahali alipo, kwa saa anayoitaka yeye. Hatua zilizo hapa zimepangwa kwa ajili ya koridorasi, na pale wanapotofautiana na majirani zake wa sakafuni nimesema.

Hatua ya 1: Hakikisha unajua ni samaki gani uliye naye

Wahenga walisema nyumba ya kambare kila mtu ana sharubu: baba anazo, mama anazo, watoto wanazo. Dukani mambo ni hayo hayo. Matangi matatu yaliyopangwa pamoja yanaweza kuwa na samaki wa aina tatu, wote wana sharubu, wote wanakaa chini, na muuzaji akakupa kopo moja la chakula kwa wote. Vinywa na matumbo yao havifanani.

Koridorasi ni kambare wadogo kutoka mito na vijito vya Amerika Kusini, mashariki ya milima ya Andes. Ubavuni wana safu mbili za bamba ngumu za mfupa badala ya magamba, na mdomo wao unaangalia chini. Huko kwao hupekua mchanga na matope wakitafuta viluwiluwi vya wadudu, minyoo midogo, vijidudu vya jamii ya kamba, na mabaki laini ya mimea yaliyochanganyika humo. Ni walaji wa kila kitu, lakini mizani imelalia upande wa nyama.

Ancistrus, kambare mwingine wa sakafuni, ni kinyume chake. Huyu ana mdomo wa kunata na meno ya kukwangua, na utumbo mrefu uliojiviringa. Hukwangua mwani na utando unaoota juu ya mawe na magogo, na chakula chake kikubwa kinapaswa kutoka kwenye mimea. Otosinklasi, yule mdogo anayenata kwenye vioo na majani, naye anategemea utando huo, na mara nyingi hufa kwa njaa wiki chache baada ya kununuliwa kwa sababu amewekwa kwenye tangi jipya ambalo bado halijaota kitu. Lochi wembamba wa jenasi Pangio, wenye umbo la nyungunyungu, hutoka usiku na kutafuta vinyama vidogo; ndugu yao Chromobotia macracanthus, mwenye mistari mipana myeusi, anaweza kukua mpaka sentimita 30 na anapenda sana konokono.

Hata ndani ya koridorasi wenyewe kuna tofauti. Koridorasi wa shaba, Corydoras aeneus, hufika sentimita 6 au 7 na hula punje nzima bila shida. Corydoras pygmaeus haizidi sana sentimita 2.5, huogelea katikati ya maji kuliko ndugu zake, na kinywa chake hakiwezi punje ya kawaida. Huyu lazima chakula kisagwe.

Usishtuke ukikuta jina la kisayansi limebadilika kwenye lebo. Mwaka 2024 wataalamu waligawa jenasi Corydoras katika jenasi kadhaa, na koridorasi wa shaba sasa anaandikwa Osteogaster aenea. Chakula chake hakijabadilika.

Hatua ya 2: Andaa meza kabla ya chakula

Koridorasi hula kwa kuzamisha pua mchangani, kuchota mchanga kinywani, kubakiza kinacholika na kuutoa mchanga uliobaki kupitia matamvua. Akiwekwa juu ya changarawe kubwa hawezi kufanya hivyo. Chakula huingia kwenye mianya kati ya mawe, yeye hakifikii, kinaoza humo, na sharubu zake zinakwaruzika kwenye mawe yenye ncha huku zikishambuliwa na bakteria wa uozo huo. Sharubu zikiliwa mpaka kwenye shina haziwezi kurudi. Zikiwa zimefupika tu, huweza kuota tena sakafu ikirekebishwa.

Basi weka mchanga laini, uliooshwa vizuri, kina cha sentimita 3 hadi 5. Kama huwezi kubadilisha tangi lote, weka angalau eneo moja la mbele lenye mchanga na ulishie hapo.

Kitu kingine kinachosaidia ni kisahani kipana kisicho na kingo ndefu, cha kioo au cha udongo uliochomwa bila rangi. Koridorasi hujifunza upesi kwamba hapo ndipo chakula kinapotua, na wewe unaona kilichobaki na kukitoa kwa urahisi. Ila usikifanye kisahani kuwa mahali pekee pa kulia. Kupekua mchanga ni kazi yake ya asili, na samaki asiyepewa nafasi ya kupekua anakaa ovyo kwenye kona.

Na jingine ambalo watu hawalihusishi na chakula: idadi. Koridorasi ni wa kundi. Akiwa peke yake au wawili hujificha muda mwingi na kutoka kwa woga, kwa hiyo hula kidogo. Wakiwa sita au zaidi wa aina moja, hutoka mchana kweupe na kula kwa kujiamini.

Hatua ya 3: Chagua chakula kikuu cha kuzama

Chakula kikuu ni punje au vidonge vinavyozama. Hiki ndicho atakachokula siku nyingi za wiki, kwa sababu kimetengenezwa kikiwa na vitamini na madini ambayo chakula cha aina moja hakiwezi kuyatoa.

Geuza kopo, usome viambato. Vimepangwa kwa uzito, kilicho kingi kinatajwa kwanza. Kwa koridorasi, vitatu vya mwanzo viwe na asili ya majini au wadudu: unga wa samaki, kamba, krili, mabuu. Ukikuta ngano, mahindi na soya vimetangulia, rudisha kopo. Asilimia ya protini peke yake inaweza kukupotosha, maana hata protini ya ngano inahesabiwa humo. Hata hivyo, chakula kizuri cha koridorasi kwa kawaida huwa na protini kati ya asilimia 35 na 45. Kwa Ancistrus tafuta kopo ambalo spirulina, mwani na mboga vimetangulia. Vidonge hivyo vya kijani ndivyo vinavyouzwa mara nyingi kwa ajili ya "samaki wa chini" wote, na koridorasi atavila, lakini akilishwa hivyo tu mwezi baada ya mwezi anapungukiwa.

Kabla ya kukiamini chakula kipya, fanya jaribio hili dogo. Dondosha punje moja kwenye glasi ya maji. Inapaswa kuzama ndani ya sekunde chache, ilainike, na ibaki nzima kwa muda wa nusu saa hivi. Ikielea, samaki wa juu wataimaliza. Ikiyeyuka na kuwa unga ndani ya dakika tano, itachafua mchanga kabla haijaliwa. Ikibaki ngumu kama ilivyoingia, koridorasi mwenye kinywa laini atahangaika nayo; yeye hana meno ya kukwangua kama Ancistrus.

Nunua kopo dogo. Vitamini C iliyomo hupungua baada ya kopo kufunguliwa, na joto na unyevu huharakisha upotevu huo. Andika tarehe ya kufungua kwenye kifuniko, na chakula kilichozidi miezi mitatu usikitegemee tena kama chakula kikuu. Wengi huweka kopo juu ya kifuniko cha tangi kwa kuwa ni karibu, kumbe hapo ndipo palipo na mwanga, joto na mvuke kwa pamoja. Liweke kabatini.

Hatua ya 4: Ongeza vyakula vya barafu na vyakula hai

Hapa ndipo mlo unapokuwa mlo. Ukitaka kuona koridorasi akifanya kile alichoumbwa kukifanya, mpe viluwiluwi vyekundu (mabuu ya wadudu wadogo wanaofanana na mbu) au minyoo na umwangalie anavyochimba mpaka macho yanapotelea mchangani.

Vyakula vya barafu ni rahisi zaidi kwa watu wengi. Vinavyofaa ni viluwiluwi vyekundu, pamoja na artemia, dafnia na saiklopsi, ambao ni vijidudu vya majini vya jamii ya kamba. Kila kimoja kina kazi yake. Viluwiluwi vyekundu vina protini nyingi na samaki huvipenda kupita kiasi, ndiyo maana vinahitaji mpaka: mara mbili kwa wiki, mara tatu kwa samaki anayenenepeshwa. Dafnia ana gamba ambalo halisagiki, na gamba hilo husaidia tumbo kufanya kazi; mpe hasa samaki aliyejaa tumbo. Saiklopsi ni wadogo sana na ndio chakula cha Corydoras pygmaeus na samaki wachanga.

Namna ya kuviandaa ina maana kuliko watu wanavyodhani. Toa kipande kimoja, kiweke kwenye kikombe chenye maji kidogo ya tangi, kiache kiyeyuke kwa dakika kumi hivi. Kisha mimina kwenye chujio la chai lenye matundu madogo na umwage yale maji. Maji hayo ni mchuzi wa vinyama vilivyopasuka, hayamshibishi samaki, kazi yake ni kulisha mwani na kuchafua tangi. Kilichobaki kwenye chujio kivute kwa sirinji isiyo na sindano, ingiza mkono na ukimimine chini kabisa, karibu na mchanga. Kipande kilichokwisha kuyeyuka kisirudishwe kwenye friza.

Tahadhari kwa mlishaji mwenyewe: viluwiluwi vyekundu, vya barafu na hasa vilivyokaushwa, husababisha mzio kwa baadhi ya watu. Mikono huwasha, macho huvimba, wengine hukohoa. Tumia kibanio au glavu, na unawe mikono kabla ya kugusa uso.

Vyakula vilivyokaushwa kwa baridi ni vyepesi mno na huelea. Viloweke angalau dakika kumi, uvibonyeze vitoe hewa, ndipo uvitie. Mimi naviweka kwenye daraja la akiba, kwa siku ambayo friza ni tupu.

Kuhusu chakula hai, kizuri zaidi ni kile unachokifuga mwenyewe. Minyoo ya Grindal, ambayo ni myeupe na ina urefu wa milimita chache, huishi kwenye boksi dogo la nyuzi za nazi zenye unyevu, hula shayiri iliyosagwa, na hustahimili joto la kawaida la chumba. Ina mafuta mengi, basi iwe mara moja au mbili kwa wiki. Viluwiluwi vya mbu navyo ni chakula bora mno, lakini vitoke kwenye ndoo yako ya maji safi na vivunwe vyote kila baada ya siku chache. Ukivisahau, utakuwa umefuga mbu. Usivichote mtaroni wala kwenye dimbwi la barabarani. Huko kuna mafuta ya magari, dawa za wadudu na vimelea.

Tubifeksi wana historia ndefu katika ufugaji wa samaki wa mapambo na koridorasi wanawapenda, lakini minyoo hii hustawi kwenye matope yenye uchafu mwingi na inaweza kuja na bakteria na vimelea. Kama huna uhakika walikotoka, achana nao. Kuna vyakula vingi vizuri visivyo na hatari hiyo.

Nyama ya ng'ombe, kuku au mnyama yeyote wa nchi kavu usimpe. Mafuta yake ni ya aina ambayo mwili wa samaki hauyachakati vizuri, na hurundikana ndani.

Hatua ya 5: Mboga, kwa kipimo

Koridorasi hatajali sana mboga, ila wengi hudonoa kidogo, hasa njegere. Chemsha njegere dakika mbili, ipoze, iminye itoke kwenye ganda, kisha uiponde. Njegere moja inatosha kundi la samaki sita.

Kwa Ancistrus mboga ni chakula cha kweli na si kionjo. Kata zukini au tango vipande vya unene wa sentimita moja, chovya kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja ili vilainike, kisha vizamishe kwa kuvibana kwenye uma wa chuma usioshika kutu. Majani ya spinachi nayo yapite kwenye maji moto kidogo. Weka jioni taa zinapozimwa, toa asubuhi. Mboga ikikaa zaidi ya saa 24 huanza kuvunda na maji huwa na ukungu. Kumbuka pia kumwekea gogo la mti lililotayarishwa kwa matangi. Hulikwangua mchana na usiku.

Osha kila mboga vizuri, na kama unajua imepuliziwa dawa, imenye. Samaki mdogo ndani ya maji machache hawezi kustahimili hata masalia madogo ya sumu ya wadudu.

Hatua ya 6: Ukitaka, tengeneza chakula cha kugandisha

Hii si lazima, lakini nani asiyependa kujua hasa kilicho ndani ya chakula cha samaki wake? Unahitaji gramu 200 za minofu ya samaki mweupe au kamba waliomenywa, gramu 100 za njegere na spinachi, mililita 300 za maji, na gramu 8 za unga wa agari, kigandishi kinachotokana na mwani.

Pika minofu kwa dakika mbili au tatu. Usiruke hatua hii: baadhi ya samaki na kamba wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na moto hukimaliza. Saga minofu na mboga mpaka viwe rojo laini. Chemsha agari ndani ya maji kwa dakika mbili, ipua, isubiri ipoe mpaka iwe vuguvugu lakini bado haijaganda, kisha changanya na rojo. Ukiwa na vitamini za maji zinazotengenezwa kwa ajili ya samaki, hapo ndipo pa kuzitia, kwa kuwa joto kali lingeziharibu. Tandaza kwenye trei unene wa nusu sentimita, gandisha kwenye jokofu, kata vipande vya ukubwa wa ukucha na uhifadhi kwenye friza.

Jelatini inaweza kutumika badala ya agari, ila hulainika kwenye maji ya joto. Tangi la nyuzi 27 au 28 litaivunja mapema na kuacha rojo mchangani. Agari ikishaganda haiyeyuki mpaka joto likaribie nyuzi 85.

Usitie chumvi, mafuta ya kupikia wala viungo.

Hatua ya 7: Saa ya kulisha na namna ya kuwakwepa wenye kasi

Koridorasi huchangamka zaidi alfajiri na magharibi. Lochi na Ancistrus ni wa usiku hasa. Mlo mkubwa wa samaki wa chini uwe jioni, nusu saa baada ya kuzima taa za tangi, mwanga hafifu wa chumba ukiwa umebaki. Samaki wengi wa juu wakati huo wameshatulia.

Kama samaki wa juu hawatulii, tumia mbinu ya ncha mbili. Tia chakula chepesi kinachoelea upande mmoja wa tangi. Wote wakikimbilia huko, dondosha vidonge upande wa pili. Bomba jembamba la plastiki linalofika chini linasaidia sana: punje hupitia ndani na kutua mchangani bila kunyakuliwa njiani. Gawanya chakula sehemu mbili au tatu. Ukiweka kidonge kimoja mahali pamoja, Ancistrus mkubwa atakilalia na kuwafukuza wengine kwa mkia.

Utamwona koridorasi akipanda juu ghafla, akichukua pumzi ya hewa na kurudi chini kwa kasi. Hatafuti chakula. Ana uwezo wa kufyonza oksijeni ya hewa kupitia sehemu ya nyuma ya utumbo wake, na mara chache chache ni kawaida. Akifanya hivyo mfululizo, pima maji. Huenda oksijeni imepungua au uchafu umezidi, na mara nyingi chanzo ni chakula kilichozidi.

Hatua ya 8: Kiasi, na jinsi ya kusoma tumbo

Anza na punje tatu au nne ndogo kwa kila koridorasi mzima, mara moja au mbili kwa siku. Rudi baada ya saa mbili na tochi. Hakuna kilichobaki? Ongeza kidogo kesho. Kimebaki kingi? Kivute kwa mpira wa kufyonza na upunguze. Ile kanuni ya "chakula kiishe ndani ya dakika mbili" iliwekwa kwa samaki wa juu. Samaki wa chini hula polepole, hupekua, huondoka, hurudi. Ukimpima kwa dakika mbili utamnyima.

Joto nalo linaamua. Samaki kwenye maji ya nyuzi 27 huunguza chakula haraka kuliko yule wa nyuzi 20. Corydoras paleatus, mwenye madoa, ambaye Charles Darwin alimkusanya katika safari ya meli ya Beagle na Leonard Jenyns akamwelezea kisayansi mwaka 1842, anatoka maji ya kusini yenye ubaridi na hustawi kati ya nyuzi 18 na 23. Huyo atakula kidogo kuliko Corydoras sterbai anayependa nyuzi 24 hadi 28, na si ugonjwa.

Kipimo cha kuaminika kuliko vyote ni mwili wa samaki mwenyewe. Mwangalie kwa ubavu na kwa mbele akiwa ametulia kwenye kioo. Tumbo la koridorasi mwenye afya ni bapa au limebinuka kidogo nje. Likiwa limebonyea ndani, na macho yakionekana kuzama, ana njaa au ana vimelea tumboni. Samaki wapya mara nyingi huja wakiwa hivyo, maana wamekaa siku kadhaa bila kula wakisafirishwa. Wape milo midogo mitatu kwa siku kwa wiki mbili za mwanzo. Anayekula vizuri wiki tatu nne na bado tumbo limebonyea, fikiria vimelea, mtenge na utafute tiba badala ya kuendelea kumjaza chakula. Usimhesabu jike kuwa ni mnene. Ukimtazama kutoka juu, jike la koridorasi huwa pana kuliko dume, na hasa akiwa na mayai.

Kipimo cha pili ni maji. Amonia na nitriti, sumu zinazotokana na kinyesi na chakula kinachooza, ziwe sifuri daima, na nitrati ibaki chini, ikiwezekana isivuke miligramu 20 kwa lita. Nitrati inayopanda kila wiki licha ya kubadilisha robo ya maji ni ushahidi kwamba unatia chakula kuliko kinacholiwa.

Hatua ya 9: Panga wiki

Huu ni mpangilio ninaoupendekeza kwa kundi la koridorasi wazima. Usiufuate kama sheria. Cha maana ni kwamba chakula kile kile kisijirudie siku zote.

- Jumatatu: punje za kuzama, jioni.
- Jumanne: viluwiluwi vyekundu vya barafu.
- Jumatano: punje asubuhi, njegere kidogo jioni.
- Alhamisi: dafnia au artemia.
- Ijumaa: punje za aina nyingine, si zile za Jumatatu.
- Jumamosi: minyoo ya Grindal, au chakula chako cha kugandisha.
- Jumapili: hakuna chakula.

Siku ya kufunga haimdhuru samaki mzima mwenye afya. Inampa nafasi ya kupekua mchanga na kumaliza vilivyojificha, na wewe unapata siku ya kufyonza sakafu ikiwa safi. Samaki wapya, wagonjwa na wachanga hawafungi. Kwa Ancistrus badilisha: mboga au vidonge vya kijani siku nne au tano, chakula cha nyama siku moja au mbili.

Hatua ya 10: Wachanga wakitokea

Mlo mzuri wenye vyakula hai, ukifuatiwa na kubadilisha maji kwa maji yenye ubaridi kidogo, mara nyingi huwafanya koridorasi watage. Mayai hunata kwenye kioo na majani. Yahamishe, kwa sababu wazazi wenyewe huyala. Huanguliwa baada ya siku tatu hadi tano hivi, na vichanga huishi kwa kiini cha yai siku mbili tatu za mwanzo. Ukitia chakula kabla ya hapo unachafua maji tu.

Kiini kikiisha, wape artemia walioanguliwa siku hiyo hiyo. Tia gramu 25 za chumvi isiyo na iodini kwenye lita moja ya maji, ongeza kijiko kidogo cha mayai ya artemia, puliza hewa kwa pampu, weka kwenye joto la nyuzi 26 hadi 28, na baada ya saa 24 hadi 36 utaona vidoa vya rangi ya chungwa vikielekea kwenye mwanga. Vichuje kwa kitambaa chepesi, visuuze kwa maji yasiyo na chumvi, vidondoshe karibu na vichanga. Lisha mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo, na fyonza mabaki kila jioni. Artemia hufa ndani ya maji yasiyo na chumvi baada ya saa kadhaa na maiti zao huoza upesi.

Ukisafiri

Koridorasi wazima walioshiba wanaweza kukaa wiki nzima bila chakula. Usiwajaze siku ya mwisho kabla ya kuondoka, na yale mabonge ya chakula cha likizo yanayoyeyuka taratibu usiyaweke. Huchafua tangi wakati hakuna mtu wa kulisafisha. Kwa safari ndefu zaidi, mpe anayebaki nyumbani vifuko vidogo, kila kimoja na mlo mmoja, na tarehe juu yake. Siku mbili kwa wiki zinatosha. Kopo lifungie kabati, maana mtu asiyezoea samaki akiwaona wanapekua mchanga atadhani wana njaa na kuwaongezea.